Alikuwa na Presha?

Ramadhani iliyopita nilimtafsiria mama filamu ya McQueen. Ilikuwa baada ya futari, ndani ya fremu yake ya kushonea huku Ngamiani, Tanga, mlango ukiwa umefungwa nusu ili wateja wadhani ameshaondoka. Hakuiomba. Mimi ndiye niliyekuwa na kazi nayo: ni mojawapo ya filamu mbili ninazoziandikia sura ya tasnifu yangu ya uzamili, sura inayohusu namna maisha ya wasanii yanavyosimuliwa baada ya wao kuanguka. Chuoni nilikuwa nimeshaiona mara tatu na nilikuwa na daftari zima la vidokezo. Mama alikuwa na kanzu 11 za watoto zilizobaki kupigwa pindo kabla ya daku. Nikaegemeza laptopu kwenye boksi la nyuzi, yeye akashona, mimi nikatafsiri.

Tulipofika pale kijana anapochukuliwa na Givenchy ya Paris, mmoja wa watu waliokuwa naye akaanza kueleza jinsi alivyoelemewa. Nikatafsiri bila kufikiri: "Alikuwa na presha kubwa."

Mama akasimamisha miguu kwenye pedeli. "Alikuwa na presha? Kijana vile?"

Nikacheka. Nikamwambia si presha ile, ni presha ya kazi, ya kutakiwa kufanya mambo mengi kwa wakati mmoja. Yeye hakucheka. Alisogeza kitambaa chini ya sindano, akaniuliza, "Kwani ile nyingine inatoka wapi?"

Mama anameza vidonge vya presha tangu 2019.

Swali lile limenivurugia sura nzima. Nilikuwa nimeandika kurasa 18 kuhusu shinikizo la kazi za burudani na mitindo, nikitumia neno hilo, shinikizo, kwa sababu ndilo linalokubalika kwenye tasnifu, na kwa sababu kwenye karatasi halina mwili. Shinikizo halina miguu inayovimba wala macho yanayowasha saa tisa za usiku. Nilikuwa nimeandika kama filamu yenyewe inavyozungumza, na hilo nimeligundua nikiwa nimekaa kwenye stuli ya wateja.

Kwa ambaye hajaiona: McQueen ni filamu ya hali halisi ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Ian Bonhôte na Peter Ettedgui. Inamfuata Lee Alexander McQueen, mtoto wa mwisho kati ya sita wa dereva teksi wa mashariki ya London, aliyeacha shule akiwa na miaka 16, akajifunza kushona suti Savile Row, kisha akawa mbunifu wa mavazi aliyezungumzwa kuliko wenzake wote wa Uingereza katika kizazi chake. Alijiua Februari 11, 2010, siku tisa baada ya kifo cha mama yake, akiwa na miaka 40. Filamu imegawanywa katika kanda tano, kila kanda ikichukua jina la onyesho lake moja. Katikati kuna video ambazo yeye na marafiki zake walijirekodi wenyewe wakila, wakitaniana, wakihangaika Paris na kamera ndogo mkononi. Juu ya yote kuna muziki wa Michael Nyman.

Ni filamu nzuri. Nalisema mapema kwa sababu nitailalamikia. Inawapa nafasi dada yake Janet na mpwa wake Gary, watu ambao magazeti ya mitindo yasingewatafuta, na wanazungumza bila kupamba. Nguo zenyewe zinaonyeshwa kama nguo, zinavaliwa na zinatembea. Kuna filamu nyingi za wabunifu ambazo ukimaliza kuziangalia huwezi kueleza gauni hata moja; hii siyo mojawapo.

Mama aliipenda sehemu ya Savile Row kuliko zote. Lee alianzia Anderson & Sheppard, duka la suti za kiume, akiwa kijana anayekaa na mafundi watu wazima akijifunza kola, bitana, na zile kazi za ndani ya koti ambazo mvaaji hatakaa azione. Mama alitikisa kichwa akasema, "Huyu kafundishwa." Kwake mafundi ni wa aina mbili, waliofundishwa na waliojifunzia kwenye nguo za wateja, na hawezi kuwachanganya. Baadaye Lee anapoonekana akikata kitambaa kikiwa mwilini mwa mwanamitindo, bila kuchora, mkasi ukienda moja kwa moja, mama aliweka kanzu pajani. Akaangalia mpaka mwisho wa tukio ndipo akarudi kazini.

Yapo mambo aliyoyaelewa haraka kuliko mimi. Mwanzoni McQueen aliogopa kuonyesha uso wake kwenye mahojiano kwa kuwa alikuwa bado anapokea posho ya serikali ya wasio na ajira. Mimi kwenye daftari langu nililiandikia hilo nadharia nzima kuhusu kinyago na utambulisho. Mama aliangalia mlango wake uliofungwa nusu akasema, "Anajificha, ana njaa." Pale Isabella Blow anaponunua mkusanyiko wake wote wa kuhitimu, wa mwaka 1992, kwa pauni 5,000, akilipa kidogo kidogo kila wiki, mama alicheka sana. "Alikopesha! Hata huko wanakopesha!" Ana daftari la madeni ambalo limebadilishwa jalada mara mbili. Alitaka kujua kama yule mama alimaliza kulipa.

Isabella ndiye aliyemtangaza kwa watu wenye majina. Alipokwenda Givenchy, Isabella alitegemea angepata kazi kule, na hakupata. Alijiua 2007. Mama hakusema kitu kwa muda mrefu hapo. Kisha: "Hata ya kupokea wageni mlangoni hakumpa?" Filamu inalipita jambo hili kwa huzuni, na huzuni yake naiamini, lakini haikai nalo. Ni sehemu pekee inayoonyesha kwamba mtu anayeminywa naye anaweza kuminya, na inafungwa kwa picha ya mazishi na muziki.

Halafu yakaja maswali ambayo filamu haina majibu yake.

Kwenye onyesho la Septemba 1998, mwanariadha Aimee Mullins, ambaye hana miguu chini ya magoti, alitembea kwa miguu ya bandia iliyochongwa kwa mbao kama buti za urembo. "Nani kachonga?" mama akauliza. Mwisho wa onyesho hilohilo, Shalom Harlow anasimama kwenye jukwaa linalozunguka, amevaa gauni jeupe, huku roboti mbili za kiwandani zikimrushia rangi. McQueen alisema ndilo onyesho lake pekee lililomtoa machozi. Ni picha ambayo kila kitabu cha mitindo kinayo. Mama aliitazama akiwa amekunja uso. "Hizo mashine zimepaka rangi tu. Gauni kashona nani?"

Nikasema sijui.

"Watu wake wanalala saa ngapi?"

Sikujua hilo pia. Wanawake wa karakana ya Givenchy wanapita kwenye skrini kwa muda mfupi, lakini wapo kwa ajili ya kutuonyesha jinsi kijana alivyokuwa fundi. Kuhusu saa zao filamu haisemi kitu. Sikuwahi kuliona pengo hili mara tatu nilizoiona filamu hiyo chuoni, mimi niliyelala utotoni mwangu chini ya meza ya kukatia.

Onyesho la VOSS la Septemba 2000 linajulikana kwa ujanja wake: watazamaji waliwekwa mbele ya sanduku kubwa la vioo, wakakaa wakijitazama wenyewe kwa muda mrefu kabla taa za ndani hazijawaka. Wahakiki wamesifu sana namna watu wa mitindo walivyolazimishwa kujiona. Mama aliuliza kama wamekuja kutazama nguo au nyuso zao, na kwa kweli sioni kama kuna mhakiki aliyelisema vizuri zaidi.

Nifanye hesabu kidogo, maana filamu haiifanyi. McQueen aliteuliwa Givenchy Oktoba 1996, akiwa na miaka 27. Mikusanyiko ya huko ilikuwa minne kwa mwaka: miwili ya nguo za kushonewa mteja mmoja mmoja kwa mkono, miwili ya nguo za dukani. Ongeza miwili ya jina lake mwenyewe London, ambayo fedha ya Paris ndiyo iliyosaidia kuilipia. Jumla sita, katika miji miwili, bila kuhesabu nyongeza za katikati ya misimu. Mkusanyiko wa kwanza wa Paris ulitakiwa kuwa tayari Januari 1997, yaani miezi mitatu baada ya uteuzi. Ukapokelewa vibaya. Alikaa na ratiba hiyo mpaka 2001. Desemba 2000, kabla hajaondoka, Gucci Group ilishanunua asilimia 51 ya kampuni yake mwenyewe.

Mama naye ana kalenda yake. Januari ni sare za shule. Kabla ya Idd zote mbili ni kanzu na madera. Katikati kuna harusi, ambapo kamati nzima inaleta vitenge vya sare siku nne kabla ya sherehe, kila mtu na mshono wake kwenye simu. Lakini ana Februari, na ana wiki mbili baada ya Idd ambapo anafunga fremu na kwenda Pangani kwa dada yake kulala. Nilipomweleza hesabu ya Givenchy, alihesabu kwa vidole, akaniuliza Februari yao ni ipi. Hawana. Msimu unapokwisha kuonyeshwa, mwingine umeshaanza kukatwa.

Nadhani hapa ndipo filamu inaponishinda. Mapema kabisa tunaelezwa kwamba Lee akiwa mtoto alimwona dada yake akipigwa na mumewe, na kwamba mwanamume huyohuyo alimnyanyasa Lee kingono. Ni habari nzito, na familia ina haki ya kuisema. Lakini kuanzia hapo kila kitu kinapita katika tundu hilo. Onyesho la Highland Rape la 1995, ambalo wengi walilishutumu kwa kuwadhalilisha wanawake na yeye akasema linahusu ukatili wa Uingereza kwa Uskoti, linasomwa kama kidonda kinachosema. VOSS ni kidonda. Mkusanyiko wa mwisho ni kidonda. Kidonda kinaeleza kipaji, kisha kidonda hichohicho kinaeleza kifo, na filamu inajifunga kama begi la zipu. Mikusanyiko sita kwa mwaka inabaki kama mvua iliyokuwa ikinyesha nje. Walioipanga kalenda hawaulizwi kitu, kwa sababu katika hadithi ya namna hii hakuna cha kuwauliza. Mtu alikuja tayari amevunjika, wao walimpa ajira tu.

Najua kinachoweza kujibiwa. Wapo wabunifu waliobeba ratiba nzito kuliko hiyo na wanazeeka salama. Zaidi ya hapo, hakuna anayejua kwa nini mtu fulani alijiua usiku fulani, na mama yake alikuwa amefariki siku tisa kabla. Mimi mwenyewe, katika kurasa zangu 18, nilikuwa na haraka ya kumkabidhi mwajiri maiti hiyo, kwa kuwa nadharia niliyokuwa nimeisoma muhula ule ilitaka mwajiri. Hilo nalo ni begi la zipu, rangi tofauti.

Filamu ya pili ninayoiandikia sitaikalia sana. High & Low ya Kevin Macdonald inamhusu John Galliano, aliyemtangulia McQueen Givenchy kisha akahamia Dior. Hapo kalenda inatajwa waziwazi: kwa hesabu ya Galliano mwenyewe, wakati wa kilele chake ilikuwa mikusanyiko 32 kwa mwaka. Msaidizi wake mkuu, Steven Robinson, alifariki 2007. Mwaka 2011 Galliano alifukuzwa Dior baada ya kuwatukana watu kwa maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi kwenye mkahawa mmoja wa Paris, na mahakama ikamtia hatiani. Kwa hiyo pale ambapo McQueen inaificha kalenda nyuma ya kidonda, hii inaileta mbele, lakini kwa ajili ya kuombea msamaha. Uchovu, pombe, vidonge, 32 kwa mwaka: unaona jinsi sentensi inavyoelekea. Kinachoiokoa filamu ni kwamba mmoja wa waliotukanwa anapewa kiti, na uchungu wake haujapoa. Nilipomhadithia mama, alisema amewahi kushona siku tatu bila kulala vizuri na hakumtukana mtu dini yake. Nikasema wewe huna 32. Akasema, "Sina. Lakini kinywa ninacho."

Jambo moja lilimfanya mama aitafute mwenyewe sauti ya laptopu na kuiongeza. Nilimwambia kwamba gauni la harusi ya Kate na Prince William, Aprili 2011, lilitoka nyumba hiyohiyo ya McQueen, miezi 14 baada ya kifo chake, likabuniwa na Sarah Burton aliyekuwa msaidizi wake tangu miaka ya 1990. Mama analikumbuka gauni lile. Aliliona kwenye televisheni kwa jirani, na mwaka mzima uliofuata maharusi wa Tanga walimletea picha ya mikono ile ya lesi. Kisha nikamwambia lililoelezwa rasmi wakati ule: kwamba wadarizi waliounganisha lesi ile walinawa mikono kila baada ya dakika 30, na sindano zilibadilishwa kila baada ya saa tatu, ili uzi na kitambaa visichafuke.

"Kila saa tatu sindano mpya," alisema. Alirudia mara mbili. Sindano yake huisha ikivunjika.

Nimelifikiria sana hilo. Kuna mahali mtu alikaa akahesabu mara ngapi mikono ile ilinawa, na ikatolewa kama habari njema kuhusu gauni. Ndiyo maelezo ya wazi kuliko yote niliyonayo kuhusu mikono ya watu wa nyumba ile, na yametoka kwenye habari za harusi. Wakati huohuo maonyesho ya Savage Beauty yalivuta zaidi ya watu 660,000 Metropolitan Museum ya New York mwaka 2011, na zaidi ya 490,000 V&A ya London mwaka 2015. Watu walipanga foleni kwenda kuona nguo za mtu aliyeumia. Nisingekosa kwenda mimi pia, kama ningekuwa karibu.

Kanzu zilikuwa zimebaki tatu filamu ilipofika Plato's Atlantis, onyesho lake kubwa la mwisho, la Oktoba 2009. Nikaona huo ndio wakati mzuri wa kumsomea mama aya moja ya tasnifu yangu. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka anisifu. Katika aya hiyo nilikuwa nimemweka yeye, bila jina, kama mfano wa hapa nyumbani: fundi wa kike ambaye mwili wake umeliwa na msimu, ambaye usiku wa kuamkia Idd alimtumikisha hata mtoto wake wa miaka 14 kwenye pasi mpaka mtoto akasinzia na kuunguza nguo ya mteja.

Ni kweli niliunguza. Lilikuwa gauni la satini ya kijani, la mke wa mtu mwenye duka la vyuma, na alama ya pasi ilikaa kiunoni kama kwato. Ilikuwa saa nane usiku. Nakumbuka moshi na nakumbuka nililia.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umeniandika kama maiti."

Nikaanza kujitetea. Akanikatiza, kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni mbaya kuliko ile ya juu. Akaniuliza kama nimesahau kilichofuata. Nilikuwa sijasahau, nilikuwa sijakiandika. Kilichofuata ni kwamba alilitazama gauni kama dakika tano, akachukua mkasi, akakata kipande chote cha kiuno mbele na nyuma, akaweka mkanda mpana wa lesi nyeusi iliyobaki kwenye nguo ya mtu mwingine. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka dada wa fremu ya pili, naye akiwa macho na kazi zake, akaja kuuliza kuna nini, wakacheka wote wawili, na mimi nimekaa chini na kamasi zangu. Asubuhi mteja alisema hajawahi kushonewa nguo kama ile. Mwaka uliofuata aliagiza mbili za mtindo huohuo.

"Ule ndio usiku wangu mzuri kuliko wote katika kazi hii," mama alisema. "Wewe umeufanya msiba."

Baadaye, alipokwenda kupasha chai, nilirudisha filamu nyuma mpaka zile video za Paris. Wako wanne au watano, usiku, wamechoka, kamera inatikisika, mtu anafanya uso wa kipuuzi, Lee anacheka kwa mwili mzima. Nilizima sauti. Bila muziki wa Nyman ni vijana wanaofanya kazi wanayoiweza na wanaofurahia kuiweza. Ukirudisha sauti, muziki unaanza kumwomboleza mtu ambaye bado anacheka. Filamu inamzika kuanzia kanda ya kwanza, kwa sababu inajua kanda ya tano ina nini. Mimi nilikuwa nimemfanyia mama yangu hilohilo, bila hata kungoja.

Ila sasa sijui niandike nini badala yake. Usiku wa satini ya kijani ulikuwa mzuri, na presha ni 160 kwa 100, mara nyingine zaidi. Muuguzi wa kliniki alishamwambia mara mbili aache kazi za usiku. Mama humjibu vizuri, humletea hata mandazi, kisha anarudi kufunga mlango nusu. Ada ya mwaka wangu wa kwanza wa uzamili imelipwa na Ramadhani mbili na harusi nisizozijua idadi. Nikimwambia apumzike, hunitazama kama mteja anayeomba apunguziwe bei baada ya nguo kwisha. Nikisema anaipenda kazi yake, ambalo ni kweli, nasikika kama mtu wa Gucci. Nikisema inamuua, ananiambia nimemwandika kama maiti.

Msimamizi wangu, nilipomtumia rasimu mpya yenye mambo haya, alinirudishia na swali moja pembeni: hoja yako ni ipi? Ni swali halali. Nimeongeza kurasa nne kuhusu karakana ya Givenchy na nimeitoa aya ya mama. Kisha nikairudisha, na lesi nyeusi ndani yake. Kisha nikaitoa tena.

Usiku ule hatukumaliza filamu kwa mpangilio. Mama alirudi na chai, akameza kidonge chake, akapiga pindo kanzu mbili zilizobaki, moja akaiacha ya asubuhi. Saa tisa kasoro, nilipokuwa nafunga laptopu, akaniambia nirudishe mahali fulani. Hakujua jina la onyesho. Alisema pale mwanzo, lile koti, yule msichana anapogeuka. Nilihangaika kulitafuta. Nilipolipata akasema simamisha. Akainama karibu na skrini, akiwa amevaa miwani yake iliyofungwa uzi, akaangalia mgongo wa koti, pale mshono wa katikati unaposhuka na kuingia ndani kabla ya nyonga.

Akavuta karatasi la kaki chini ya meza, akachukua chaki, akachora bega na mgongo. Akafuta mgongo kwa kiganja, akachora tena. Chaji ilikuwa asilimia 6.

"Rudisha," akasema. "Kidogo tu. Hapo anapogeuka."